Punje Tisini na Tano

Saa kumi na moja na nusu Moshi ina baridi ya jiko lisilowashwa.
Mlinzi wa hoteli, Shanty Town, hanihoji tena;
anafungua geti dogo, ananielekeza bwawani kwa kidevu.
Mita ishirini. Nililipima mwenyewe kwa futi ya kushonea,
nimepiga magoti ukingoni, wapishi wakicheka dirishani.

Kilomita tatu na mita mia nane:
hiyo ni ya majini tu, kabla ya baiskeli, kabla ya mbio.
Kwenda na kurudi mara tisini na tano.
Basi nina kopo la maziwa ya unga, ndani punje za kahawa,
kavu, bado zina ganda, kutoka kihamba cha mama, Kibosho.
Kila nikirudi natoa moja.
Akili huogelea vibaya kuliko mikono;
ikifika arobaini inasema hamsini.

Baiskeli naijua. Nimepeleka sare za shule hadi Uru na Machame,
mzigo nyuma, mlima mbele.
Maji ndiyo sikuyajua.
Sisi wa juu maji yetu ni ya mfereji:
yana zamu, yana mwenyekiti, yana ugomvi wake,
mtu huyageuza kwa jembe yakaenda kwenye migomba.
Hayakuwahi kunizidi kimo.

Magesa, mwalimu wangu, ni wa Ukerewe,
mdogo kuliko kitinda mimba wangu.
"Mama Aikande, unayakata maji kama kitambaa.
Maji hayashonwi. Lala."
Kulala!
Januari ngapi nimekesha na kola na vifungo,
leo natoa hela nifundishwe kulala.

Wiki tatu nilikunywa bwawa.
Ya nne nikaelewa: pumzi huachwa ndani ya maji,
juu unapita kuchukua nyingine tu,
kama mtu anayechungulia dukani na kusema nitarudi.
Nikivutia kulia namwona Kibo, kalala ubavu kama mimi.
Nikivutia kushoto, jiko, na beseni la ndizi zilizomenywa.
Mlima, ndizi. Mlima, ndizi.
Siku ya mawingu, ndizi tu.

Jumamosi tukaenda Chala.
Ziwa lile halina ufuko wa kukuzoesha;
unashuka gengeni kwa mikono na makalio,
halafu ghafla ni maji.
Chini ya bwawa kuna mstari wa bluu,
naufuata kama chaki juu ya kitambaa.
Chala haina chaki.
Niliinamisha uso nikaona kijani, kisha bluu,
kisha kitu ambacho dukani kwangu hakina jina la rangi,
na viganja vyangu juu yake, vyeupe, vikitafuta pindo.
Hakuna ukuta wa kugusa. Punje ningeziweka wapi?
Magesa aliniita kutoka kwenye mtumbwi;
sauti yake ikagonga kingo za mwamba, ikanirudia vipande vipande.

Nilifika labda mita mia sita.
Labda mia nne.
Nikashika ubavu wa mtumbwi, meno yakigongana,
nikatazama miguu yangu inavyoning'inia juu ya kina kile
kama nguo ya mteja asiyerudi.
Hakuniambia nijitahidi.
Alisema, "Ulilala, mama. Mara mbili nimekuona umelala."

Nyumbani sikusimulia. Nilianika vazi langu uani,
mbali na macho ya wapita njia,
nikamalizia mashati matatu, moja nikakosea mfuko nikafumua.

Usiku, nimelalia ubavu wa kulia,
sikio likapata joto,
tone la uvuguvugu likashuka hadi kwenye mto.
Chala ilikuwa inatoka, bila haraka.
Sikujifuta.
Nilibaki hivyo hivyo,
shavu kwenye unyevu, mdomo nusu wazi
upande ule ulipo mlima.